Mpokezi wa Rukia

Ngozi ya tari ikikanzwa juu ya makaa hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo: kidogo mbuzi, kidogo moshi, kidogo jasho la viganja vilivyoipiga miaka na miaka. Mwezi uliopita nilikuwa napita mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, kwenda kumtazama shangazi yangu anayeumwa na magoti, harufu hiyo ikanitokea kwenye mlango uliokuwa wazi nusu, nikasimama papo hapo na kikapu changu cha machungwa. Bwana mmoja nyuma yangu aliniomba njia mara mbili nisimsikie. Nilikuwa nimerudi zaidi ya miaka thelathini nyuma, nimekuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na wenzangu wananingojea uani tuanze.

Niwaeleze basi, maana habari hii sijapata kumweleza mtu kwa utaratibu.

Chuo chetu, kwani sisi wa Mji wa Kale madrasa tunaiita chuo, kilikuwa ua wa nyumba ya Mwalimu Bi Swafiya, mwanamke mnene, mpole wa uso na mkali wa masikio. Asubuhi tulisoma Kurani, na siku za Jumamosi baada ya alasiri tulifanya mazoezi ya kaswida. Seredani ya makaa iliwashwa kwanza pembeni, matari yakakanzwa mpaka ngozi ikakaza na kulia vizuri. Wakubwa walipiga matari, wadogo wakapiga makofi na kupigana vikumbo. Maneno aliyatunga Bi Swafiya mwenyewe, huku akitafuna karafuu, akidai kwamba mtunzi mwenye kinywa kibaya hutunga mashairi mabaya.

Mwanzilishi wetu alikuwa Rukia. Alikuwa jirani yangu, tulizaliwa mwaka mmoja, mwembamba sijui pumzi aliiweka wapi, na sauti yake ilipopanda muuza kahawa alisita njiani na dele lake mkononi. Mimi nilikuwa mpokezi. Kazi ya mpokezi ni hii: mwanzilishi akikaribia mwisho wa ubeti, wewe unaudaka kabla haujaanguka, unaanza kiitikio peke yako, kisha wenzako wote wanaingia juu yako. Unasikika kidogo, halafu unafunikwa. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka Maulidini akauliza mpokezi ni binti wa nani. Sauti yangu ilikuwa nzito, na binamu zangu wa kiume, Mungu awasamehe, waliniita Baba Mkubwa.

Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuanzisha. Hata mara moja, siku ya Maulidi ya chuo, akina mama wamejaa uani na wanaume wamejaa barazani nje. Na wakati ulikuwa unanikimbia. Kwetu, msichana akishakuwa mwari haimbi tena mahali ambapo sauti yake itawafikia wanaume. Hutolewa katika kaswida, hushonewa buibui, na kama ana sauti nzuri basi aimbe kwenye arusi za wanawake wenzake. Mama alitolewa hivyo, dada yangu pia, na hapana aliyeona ajabu. Nyumbani kwetu mwenye kuamua lini alikuwa nyanya, ambaye alitutazama wajukuu zake vile atazamavyo mkungu wa ndizi, akijua upi utawiva kesho.

Mwaka ule nilirefuka bila kuombwa. Kanzu ya Idi haikunifika tena miguuni. Mazoezini nilikunja magoti chini ya kanzu ili nilingane na Rukia, na Bi Swafiya aliniuliza mbele ya watu, "Zaituni, mbona wapindapinda? Una haja ndogo?" Wenzangu walicheka hadi tari moja likadondoka.

Ndipo binamu yangu mmoja, katika wale wale wa Baba Mkubwa, akanipa siri: mtu akibeba kitu kizito kichwani kila siku harefuki, mifupa hubanwa. Nilimwamini. Nikawa nachota maji mimi. Maji ya mfereji wetu yalikuwa hayapandi ghorofani, kwa hivyo ndoo zilibebwa kutoka chini kwa ngazi, kazi niliyokuwa nikiikimbia tangu nipate akili. Sasa nilibeba asubuhi na jioni, bila kutumwa, shingo inauma, nikijipima kila siku ukutani karibu na mlango. Nilibeba na gunia la mchele ambalo ilikuwa kazi ya kaka yangu kulibeba. Nilikuwa mtumwa wa ndoo zile, na nilikuwa na furaha.

Jioni moja nikiwa napanda ngazi na ndoo, nikamsikia nyanya akimwambia mama, "Wamuona? Hatumwi, hasukumwi. Mtoto hafanyi haya. Huyu ameshakuwa mtu mzima, alhamdulillahi." Kisha akaongeza: "Maulidi haya yakisha, atoke kwenye kaswida. Yatosha."

Niliiweka ndoo chini kwenye ngazi nikakaa kando yake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zangu ziliishia palepale, kwa mikono yangu mwenyewe. Nililia kidogo, nikanawa uso kwa maji yale yale, nikapanda.

Kesho yake nilimfuata Bi Swafiya alipokuwa akikunja majamvi. Nikamwamkia, nikambusu mkono, nikasema kwa haraka kabla ulimi haujanisaliti, "Mwalimu, nataka kuanzisha mimi mwaka huu. Hata ubeti mmoja."

Aliendelea kukunja jamvi mpaka likaisha. "Mwanangu," alisema, "mwanzilishi mwengine naweza kumpata. Wewe ntakupata wapi?"

Nilidhani ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu wazima wa kwetu ni mabingwa wa kukataa kwa maneno matamu. Hukwambia hapana ukaondoka ukishukuru. Nilisema ahsante mwalimu, nikaenda nyumbani nikimchukia yeye, nikimchukia Rukia na pumzi zake, na hasa hasa nikiichukia ndoo.

Siku ya Maulidi tulivaa kanzu nyeupe na ushungi wa kijani. Ua ulitandikwa mikeka, akina mama walikaa bega kwa bega na vikuba vya asumini vifuani, na mlango wa njia uliachwa wazi ili wanaume walioko barazani wafaidi. Nyanya alikaa mbele kabisa. Rukia alikuwa ameshika ncha ya ushungi wangu kwa vidole viwili, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuanza, na mikono yake ilikuwa baridi. Ubeti wa kwanza ulipanda vizuri, nikaupokea. Wa pili vilevile. Ile siku hata mimi niliyekuwa na kinyongo nilisisimka.

Kisha akapita msichana wa kufukiza udi na chetezo chake, akifuata safu ya wageni, akainama kumfukizia mama mmoja karibu nasi, na moshi wote ukamwingia Rukia akiwa katikati ya ubeti wa tatu. Alikohoa mara moja. Akajaribu kuendelea, akakohoa tena, macho yakamjaa maji, sauti ikakatika. Matari yaliendelea kulia peke yake. Niliona akina mama wakianza kugeuziana nyuso.

Bi Swafiya alinitazama. Akainua kidevu. Maana yake ilikuwa wazi kama adhana: shika wewe.

Na mimi beti zote nilikuwa nazijua. Nilizijua kuliko Rukia, kwa sababu nilikuwa nikiziimba kila siku ngazini chini ya ndoo. Nafasi niliyoililia ndiyo ile imefunguka, na nyanya yupo mbele, na wanaume wako nje. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa nimalizie ubeti wa Rukia, na kilichotoka kikawa kiitikio:

*Karibuni, marahaba,*
*mmekuja kwenye nuru.*

Sijui kwa nini. Ningetaka kuwaambia kwamba nilimhurumia, lakini sikupata hata wakati wa kumhurumia. Koo langu lilikuwa limezoea kumngojea yeye, likafanya linalolijua. Wenzangu waliingia juu yangu bila kusita. Kilipokwisha nikakianzisha tena, wakaingia tena, na mara ya tatu, na tena. Mtu akampa Rukia kikombe cha maji. Nilimwona kwa pembeni akimeza, akifuta macho, akitikisa kichwa kidogo kwamba tayari. Nikapunguza sauti ya mwisho kidogo kumpa nafasi, naye akaingia na ubeti wa tatu, mzima, kuanzia mwanzo. Akina mama walipiga vigelegele. Walidhani ndivyo ilivyotungwa.

Nilikula sambusa zangu nikilia. Walioniona walisema mtoto ameguswa na Maulidi. Rukia alinipa kaimati zake zote, na mimi sikumwambia kwamba nililia kwa hasira ya nafsi yangu. Wiki iliyofuata nilipimwa buibui. Jumamosi alasiri nilikaa dirishani juu nikisafisha mchele na nyanya, na kaswida ikatufikia kutoka uani kwa Bi Swafiya. Msichana aliyewekwa mahali pangu alichelewa kupokea. Nyanya aliacha mchele, akasikiliza, akanitazama. "Yule siye," alisema, kisha akaendelea kupepeta.

Bi Swafiya ameshatangulia mbele ya haki. Rukia alitolewa miezi michache baada yangu, akaolewa, akaenda zake ng'ambo, Maskati. Mimi nakaa na mume wangu mtaa wa Ganjoni katika nyumba ya ghorofa, nafundisha watoto wadogo kusoma. Mtoto akikwama katikati ya sentensi simtajii neno. Narudia taratibu yale aliyokwisha kuyasoma, darasa zima linarudia nami, na mara nyingi anaendelea mwenyewe. Mwalimu mkuu aliniuliza nimejifunza wapi mbinu hiyo. Nilicheka tu.

Mwaka jana katika arusi ya mpwa wangu, wanawake watupu, waliniomba nianzishe kaswida. Nilifurahi kama mtoto. Nilianza ile ile ya Bi Swafiya, na nashukuru Mungu sauti haikuniangusha, mpaka nilipofika mwisho wa ubeti nikauachia. Hakuna aliyeudaka. Waliitikia, maskini, kila mmoja kwa wakati wake, huyu sasa, yule baadaye, wanatabasamu. Ubeti wa pili vivyo hivyo. Nilimaliza wakanishangilia, nikaenda jikoni kujifanya naangalia biriani. Pale jikoni nilimwelewa Bi Swafiya kwa mara ya kwanza. Aliposema atanipata wapi, alikuwa akiniambia ukweli mtupu, na nikambusu mkono nikaondoka na chuki.

Nikampigia Rukia simu Maskati. Nilimweleza kila kitu: ndoo, kidevu cha mwalimu, kiitikio, hasira.

"Hivi wajua huku mimi siimbi?" akasema. "Wamenialika mara nyingi, Zaituni. Naanza, nikifika mwisho wa ubeti nasikiza nyuma yangu. Basi, nanyamaza. Wakadhani naringa."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekwambia nini? Njoo umhame mumeo?"

Tulicheka, tukafuta macho. Kisha, bila kuulizana, akavuta pumzi. Niliijua pumzi ile. Akaimba, sauti imekuwa ya mtu mzima na imepata mikwaruzo, nami nikausubiri mwisho wa ubeti nikaupokea palepale, bila kuchelewa hata kidogo. Lakini simu za mbali zina ukaidi wake. Sauti yangu ilimfikia akiwa ameshaanza ubeti wa pili, yake ikanijia nikiwa bado katika kiitikio, tukagongana, tukanyamaza wote wawili.

"Umechelewa," akasema kwa sauti ndogo.

"Sikuchelewa, Rukia. Wallahi sikuchelewa."

"Najua," akasema. "Anza tena."