Siafu wa Mikumi na mwanamume niliyemwona dhaifu

Wakuu, kwa kuwa wengi humu nawazidi umri, marahaba ya jumla naitoa mapema ili msihangaike.

Kila siku nasoma nyuzi zenu za mapenzi. Kanibloku, hajibu meseji, kaposti mwingine. Poleni sana kwa mateso hayo.

Leo niwape yangu ya enzi za vijiji vya ujamaa. Chumvi sitaongeza, iliyokuwemo ilitosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwalimu mpya wa shule ya msingi huko Kisanga, Kilosa. Asubuhi darasani, mchana shamba la kijiji, jioni mazoezi ya sarakasi.

Ndiyo, sarakasi. Msicheke.

Miaka ile kila sherehe kubwa ilihitaji vijana wa kubebana na kupinduka mbele ya viongozi, na timu zilishindana kuipata nafasi hiyo. Vifaa vyetu vilikuwa vya kisasa kabisa: magunia ya katani yaliyojazwa nyasi. Ukianguka juu yake unaumia. Ukianguka pembeni unaambiwa uongeze moyo wa kujitolea.

Staa wa timu alikuwa Faustini, karani wa mizigo stesheni ya Kilosa. Hendsamu, afro imechanwa vizuri, suruali ya bugaluu inafagia barabara. Nilimpenda sana Faustini. Yeye pia alijipenda sana, kwa hiyo kwenye hilo hatukupishana.

Basi mwalimu wetu wa mazoezi, Mwalimu Daudi, alipoigawa timu makundi ya kushindana, kwa hekima zake akanipanga na Moreto.

Moreto alitoka familia ya wafugaji wa Msowero, na kazi yake ilikuwa kuogesha ng'ombe kwenye josho. Mrefu, kimya, mikono inanuka dawa ya kupe. Maongezi yetu yote kwa miezi mitatu yalikuwa neno moja, "Tayari?" Nami najibu tayari, huku nimebana pua.

Zoezi letu lilikuwa hivi. Yeye anasimama wima na kunyoosha mikono juu, mimi nasimama kwenye viganja vyake, mikono nimetanua, natabasamu, macho mbele. Mwalimu Daudi alitukaririsha kwamba aliye juu akiangalia chini tu, wote wawili wanakwenda chini.

Siku ya mashindano tukapakiwa kwenye lori hadi Mikumi. Mgeni rasmi akahutubia kuhusu kutopoteza muda, hotuba ikala asubuhi yote. Sisi tuko juani na bukta zetu, tunapiga makofi.

Zamu yetu ikafika. Tulitakiwa kukaa juu mpaka jaji ahesabu thelathini, na jaji mwenyewe alihesabu kama mtu aliyefundishwa namba jana yake.

Kwenye kumi na mbili hivi nikahisi viganja vya Moreto vinatetemeka.

Nikajua nimepewa goigoi. Huku natabasamu kwa wakubwa, nikasema kupitia meno, "Moreto, usiniaibishe mbele ya watu."

Jaji akaendelea kuhesabu.

Thelathini ikafika. Akanishusha polepole, akahakikisha miguu yote miwili imegusa ardhi, kisha akatembea kwenda nyuma ya lori. Nikamfuata ili nimpe vidonge vyake.

Nikamkuta ameinama, anachomoa siafu mapajani. Wameganda mpaka kiunoni. Wengine ukiwavuta kiwiliwili kinatoka, kichwa kinabaki kwenye ngozi. Alikuwa amesimama juu ya njia yao muda wote ule.

Vidonge nikavimeza mwenyewe. Nikapiga magoti nikaanza kumsaidia kuchomoa.

Matokeo? Tukawa wa pili. Jaji mkuu alifafanua kwamba kijana wa chini alikunja uso, na sarakasi ni furaha. Faustini na kundi lake wakawa wa kwanza, wakapewa majembe. Sisi pia tulipewa majembe, ila mipini tukajitegemee.

Halafu ndipo mambo yalipoanza.

Watu wa timu ya mkoa wakasema wananitaka Morogoro, nipangwe na Faustini. Moreto hawamhitaji, uso wake haufai sherehe.

Sasa mimi, niliyetoka kumchomoa mwenzangu siafu saa hiyohiyo, nilijibu nini? Niliuliza safari ni lini.

Nitukaneni tu, nastahili.

Moreto alisimama hapo hapo akasikia. Akaniambia niende salama, akapanda lori.

Morogoro nilidumu wiki mbili. Siku moja niko juu ya viganja vya Faustini, kikundi cha kwaya ya akina dada kikapita. Faustini akageuza shingo kuangalia kama wamemwona. Walimwona. Na mimi waliniona, nikishuka kwa kichwa na bega.

Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Hospitali Faustini alikuja mara moja tu, kuuliza kama nimeshawaambia viongozi kosa lilikuwa la nani.

Nikarudi Kisanga mkono umefungwa shingoni. Baba yangu, mwinjilisti wa Anglikana, hakunigombeza hata kidogo. Aliomba tu kanisani, kwa sauti, kwa ajili ya wote wanaopenda kupaa.

Wiki iliyofuata nikaomba lifti ya lori hadi Msowero. Nikamwamkia mama yake Moreto, akaitikia, akautazama mkono wangu, akanionyesha josho lilipo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kuomba msamaha. Nilipomwona ikapotea yote. Nikabaki na swali moja, "Kwa nini siku ile hukuniambia kuna siafu?"

Hakuacha hata kuswaga ng'ombe.

"Ungeangalia chini," akasema.

Wakuu, nililia mbele ya ng'ombe.

Alipoona nalia akaniambia nisubiri amalize kundi, atanisindikiza. Ng'ombe walikuwa wengi. Nilisubiri hadi wa mwisho.

Kilichofuata ni mazungumzo ya wazee, karibu miaka miwili. Baba alitaka Moreto kwanza abatizwe. Upande wake walitaka kujua kama nitaweza kukamua kwa mkono mmoja. Akabatizwa, nikakamua, tukaoana. Sarakasi iliishia hapo, bega halikunyooka tena.

Mpaka leo hajawahi kunitamkia kwamba ananipenda, na simu anaitumia kama tochi. Wenye kutumiwa vikopa vyekundu kila asubuhi, hongereni.

Funzo langu ni fupi. Kabla hujaanzisha uzi kwamba mwenzako kanuna na hajali, angalia kwanza amesimama juu ya nini.

Uwanja ni wenu, semeni. Na mtakaodai picha, kamera ilikuwa moja tu, na ilikuwa inampiga mgeni rasmi.