Kichwa cha Nyayo Kiko Upande Gani

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa upepo wake. Nilikuwa msichana wa chuo, nimekuja likizo nyumbani Kanamkemer, hapa Lodwar, na kompyuta yangu imejaa picha za mistari midogo.

Wataalamu husema kuna maada ya giza, isiyoonekana kwa jicho. Kwa kuwa jua letu linasafiri katikati ya nyota, chembe zake hutuvumia usoni kama upepo, zikitoka upande wa kundi la nyota liitwalo Dajaja. Hata sasa huenda zinakupita mwilini, kimya. Katika chombo cha gesi tulichokuwa nacho chuoni, chembe hiyo ikigonga atomu, atomu husukumwa na kuacha mstari. Mistari yangu mingi ililala sambamba na upande wa Dajaja. Nikamwandikia mwalimu wangu: "Upepo tumeuona!"

Kesho yake ngamia wa mjomba Lokwawi, mwenye mimba pevu, alipotea karibu na Lokichar, nami nikaenda naye kumtafuta. Mimi niliona nyayo kwanza. Upepo ulikuwa umezifuta zikabaki kama mstari tu, nami nikaufuata mbio mpaka jua la utosi. Nikafika alikotoka ngamia, si alikokwenda. Maji yalikuwa yameniishia.

Mjomba aliponifikia alinipa maji kwanza, ndipo akasema, "Akiru, umeona mstari. Mbona hukuuliza kichwa kiko upande gani?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akanionyesha mchanga ambao mguu ulikuwa umeusukuma nyuma. Tukageuka. Tulimkuta ngamia jioni, amezaa peke yake, na ndama ameshakufa. Mjomba hakunigombeza tena. Alimfunika ndama kwa matawi ya mgunga, polepole.

Niliporudi nyumbani nilifungua zile picha. Kila mstari una ncha mbili, na kichwa nilikuwa nimejichagulia mwenyewe. Nilipopima unene wa kila ncha, maana mstari huwa mnene unapoanzia, vichwa vilitazama huku na huko badala ya upande mmoja. Hapakuwa na upepo wowote. Nikaandika tena: "Mwalimu, nimekosea." Akajibu kwa neno moja: "Asante."

Upepo ule haujaonekana bado, mwanangu. Nimezeeka nikiungoja, na kungoja kwenyewe kumekuwa kutamu. Wewe ukiona njia, usikimbie kwa furaha ya kuiona. Inama, uliza inakwenda wapi, na ukikosea, sema mapema, kwa maana kuna anayekungoja upande wa pili.

Mungu akupe macho ya subira, mvua ikukute nyumbani, na mifugo yako izae ukiwa karibu.