Shuka ya Mzee Ndani ya Gitaa

Miaka ya tisini nilikuwa napiga gitaa la mbao katika kanisa moja la mabati huko Kitengela. Nilikuwa nimebandika maikrofoni ndogo ndani yake, na kila nilipoongeza sauti ya spika, gitaa lilipiga yowe hadi watoto wakaziba masikio.

"Hiyo ng'ombe yako imekunywa maji kweli?" mzee wa kanisa aliniuliza asubuhi moja. "Ikilia tena leo, utarudi kupiga makofi kama sisi wengine."

Nilijua hatanii. Nilisogeza spika, nikahamisha kiti, bado yowe. Kisha nikagundua kwamba nikiziba tundu la gitaa kwa kiganja, linanyamaza. Lakini ningepigaje kwa mkono mmoja? Nikaitazama shuka mabegani mwa mzee.

"Mzee, niazime hiyo."

Alinikodolea macho kana kwamba nimemwomba suruali, lakini akaivua. Nikaisokomeza tunduni, kati ya nyuzi, kidogo kidogo. Gitaa liliimba ibada nzima bila yowe, huku upepo wa Kitengela ukipenya kwenye mabati.

Baada ya baraka mzee alinijia akitetemeka.

"Ng'ombe imelala vizuri," akasema. "Lakini Jumapili ijayo uiletee blanketi yake."