Kwenda Lubudi kwa miguu bila kutoka ofisini

Saa mbili na robo asubuhi, foleni ya ofisi ndogo ya kuandikisha watoto huko Manika, mjini Kolwezi, imeshafika getini. Karibu wote ni kina mama, watoto wamefungwa mgongoni kwa vitenge. Nyuma ya meza amesimama mwanamke mwenye umbo pana, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Anaandika, kwa herufi zilizonyooka, jina la mtoto aliyezaliwa siku kumi na saba zilizopita.

Anamaliza, anapuliza wino ukauke, anachukua karatasi hiyo moja tu na kutoka nayo. Anavuka ua wa changarawe, anapita tangi la maji, anapita pikipiki za wafanyakazi, anaingia chumba cha mwisho kabisa ambako mkuu wa ofisi hutia sahihi na muhuri. Anarudi. Anamkabidhi mama cheti chake, anatoa punje moja ya mahindi mfukoni, anaiangusha katika kopo la maziwa ya unga lililo mezani na kumwita anayefuata.

Hiyo ni punje ya elfu moja mia nane themanini na moja.

Jina lake ni Fidélie Kabemba, ana miaka hamsini na miwili, na yuko njiani kwenda kwao Lubudi kwa miguu. Tangu Juni ameshatembea kilomita mia moja themanini na nane. Zote amezitembea humu humu, katika ua wa ofisi.

Mwandishi wa makala haya alipoambiwa habari hiyo alidhani anataniwa, akacheka. Mama Fidélie hakucheka. Alivuta droo, akatoa daftari la shule lenye hesabu ya kila siku, akaligeuza ili lisomeke.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kutoka mezani kwake hadi kwa mkuu na kurudi ni mita mia moja. Alipima mwenyewe kwa futi ya kuazima. Punje moja ni safari moja, punje kumi ni kilomita. Na kutoka Kolwezi hadi Lubudi, kwa kufuata reli kupitia Tenke, ni kilomita mia mbili, kwa mujibu wa marehemu baba yake aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote.

"Mi siwezi kubishana na tata juu ya reli," anasema. "Alisema mia mbili, basi ni mia mbili."

Mama Fidélie amefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo aliifanya akiwa ameketi. Taxi-moto, yaani pikipiki ya abiria, ilimchukua mlangoni kwake Manika asubuhi na kumshusha mlangoni pa ofisi, ikamrudisha jioni vivyo hivyo, na mshahara usiozidi faranga laki nne kwa mwezi ukapungua kila alipopanda. Karatasi alizirundika mezani, na mara mbili kwa siku tarishi, au planton kama anavyoitwa hapa, alizibeba zote pamoja kwenda kutiwa sahihi.

"Nilikuwa naikala kuanzia asubuhi mupaka mangaribi," anasimulia. "Chakula banaleta kwa meza. Maji banaleta kwa meza. Batu balikuwa banasema, angalia ule mama, Mungu amemubariki, hata kusimama hasimame. Na mi nilikuwa nafurahi."

Novemba mwaka jana mguu wa kushoto ulivimba hadi kiatu kikakataa kuingia. Hospitali walikuta damu imeganda katika mshipa. Alilazwa siku tisa. Siku ya kutoka, daktari alimwambia kwamba damu ile ikiganda tena na kupanda kwenye mapafu, huenda asipate muda wa kufika hospitali, na kwamba asiketi zaidi ya nusu saa bila kuinuka na kutembea.

"Nilimuambia munganga ndiyo, ndiyo," anasema. "Kisha nikarudia bureau, nikaikala."

Kilichomwinua si daktari. Ni mama yake.

Mei mwaka huu alichukua likizo kwenda Lubudi kumsalimu Mama Stéphanie, mama yake mzazi, mwenye miaka sabini na tisa. Bado analima. Shamba lake liko kilomita nne kutoka nyumbani, na asubuhi ya pili walitoka pamoja, mzee mbele na jembe begani, binti nyuma na chupa ya maji. Kabla ya nusu ya njia, mguu wa Fidélie ukawa mzito na pumzi zikamwishia. Akaketi chini ya kichuguu.

"Mama alienda, alienda, akaona niko nyuma sana. Akarudia," anasema, na hapa anavua miwani na kuishika mkononi. "Alinishika mukono, tukarudia kwa nyumba. Ile siku hakulima. Mi njo nilifanya mama yangu asilime."

Jioni, Mama Stéphanie alishusha mahindi ya mbegu yaliyokuwa yakining'inia juu ya jiko, akayapukuchua na kumjazia binti yake mfuko. Maneno aliyosema yako kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari: "Ii mbegu haiko ya kula. Wakati mvua itaanza, uniletee. Tutaenda kupanda pamoja, na miguu yako."

Aliporudi kazini Juni, tarishi alikuwa amestaafu na hakuna aliyeletwa badala yake. Karatasi zilikuwa zimerundikana. Fidélie akaenda kwa mkuu wake, Polycarpe Ntambwe, na kuomba azipeleke yeye mwenyewe, moja moja.

Tata Polycarpe, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na sauti ya chini, hafichi kwamba alikataa. "Nilimuambia, mama, hapana. Mutu wa miaka makumi mbili kwa kazi, abebe karatasi sawa planton? Batu batasema nimekupunisha, nimekupa azabu." Alikubali alipoonyeshwa barua ya daktari, na kwa wiki moja tu, ya majaribio.

Na kweli watu wakasema. Mtaani ikavuma kwamba Mama Fidélie amevuliwa cheo, eti kuna jambo baya kalifanya, na serikali inamwaibisha kwa kumzungusha uani. Jumapili ya pili kina mama wa kwaya ya parokia walifika kwake na kilo mbili za sukari na sabuni, wakaimba nyimbo tatu, wakawaombea maadui zake wa ofisini mioyo laini.

"Niliwaacha bamalize," anasema. "Bilikuwa biimbo bizuri. Kisha nikabaambia adui ni kiti." Sukari waliiacha.

Wiki ya kwanza alifanya safari kumi kwa siku, na usiku mguu ukamuuma hadi akalia. Julai zikafika ishirini. Tangu Agosti ni thelathini, jua likiwaka au vumbi jekundu likipeperuka kutoka barabara ya malori ya madini. Kiti chake chenye mto alikigeuza. Sasa kiko upande wa pili wa meza, mbele ya foleni, na anayekikalia ni mama anayenyonyesha.

Siku tuliyomtembelea alikikalia Mignonne, muuza samaki wa mtaa wa Kasulo, mwanawe akiwa kifuani. Anakumbuka alivyomwandikisha mtoto wake wa kwanza hapa hapa miaka minne iliyopita. "Nilifika asubuhi, nikatoka saa ya tisa," anasema. "Karatasi ilikuwa pale kwa meza, inangojea zingine zikuwe mingi. Leo sijamaliza hata kunyonyesha, mama amesharudia nayo." Kwa kweli cheti kilimkuta titi likiwa bado mdomoni mwa mtoto. Mwandishi alitazama saa: dakika kumi na nne.

Ndipo lilipomwingia mwandishi huyu jambo lenyewe, na hadi sasa halijamtoka. Mwanamke huyu alianza kutembea ili damu yake isigande, basi. Lakini kila hatua aliyopiga ilibeba jina la mtu. Kila mtoto aliyezaliwa mitaa hii tangu Juni na kuandikishwa hapa, Fidélie ametembea naye mita mia moja kabla mtoto mwenyewe hajajua kusimama.

Si watoto peke yao. Mara moja moja foleni humleta mtu asiye na mtoto, amekuja kuandikisha kifo. Mara nyingi aliyekufa ni kijana wa mashimo ya madini, aliyetoka mbali kuja kuchimba kobalti, na anayekuja kumwandikisha hata jina la baba yake halijui. Karatasi hiyo nayo hutembezwa, na punje yake huangushwa katika kopo lile lile.

"Sibatenganishe," anasema. "Wote balipita kwa mukono yangu. Ule mwenye kukufa njo namutembeza polepole."

Mwandishi aliomba kutembea naye siku nzima. Ni mita mia tu, alijiambia, na yeye ana miaka kumi na mitano pungufu ya huyu mama. Safari ya sita alivua koti. Ya kumi na moja alianza kusalimia watu ili apate kusimama. Ya kumi na nne aliketi kwenye ukingo wa tangi la maji na kumwacha mwenye safari aendelee, naye akapita tena na tena, kwa mwendo ule ule, akimuuliza kwa upole kama anahitaji maji. Ilikuwa aibu, na ilikuwa heshima kubwa kumtazama.

Tata Polycarpe naye amebadilika. Wiki ile moja ya majaribio hakuna aliyeitaja tena. Zamani alitia sahihi bila kuinua macho. Sasa akisikia changarawe inalia, huinuka na kumpokea mlangoni. Alipoulizwa kwa nini, alitengeneza tai yake. "Mutu anatoka mbali," alisema.

Kila Jumapili baada ya misa, simu hulia kutoka Lubudi. Mama Stéphanie hamsalimu binti yake kama zamani. Anauliza tu: "Umefika wapi?"

Fidélie humjibu kwa daftari. Agosti alimwambia amepita Tenke, na mzee akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Majirani hao, kwa kusikia nusu nusu, wameamini kwamba mtoto wa Stéphanie anakuja kweli kwa miguu kando ya reli. Wanauliza analala wapi na anakula nini. Mzee hawasahihishi.

Lakini ni mwezi huo huo wa Agosti mama alipomwambia jambo lingine. Magoti yamechoka. Msimu huu ndio wa mwisho kwake. Baada ya hapo shamba atawaachia ndugu. Kwa hiyo hakuna mwaka mwingine wa kutimiza ahadi. Ni mvua hii au basi.

Na mvua imeanza. Jumapili iliyopita ilinyesha Lubudi saa nzima, na jirani wa kulia na wa kushoto wamekwisha kupanda. Mama Stéphanie peke yake ndiye ambaye shamba lake liko tupu, limelimwa, linangoja.

Kwa nini basi asipande gari leo? Kwa nini asiitume mbegu kwa dereva? Mwandishi aliuliza yote mawili, akidhani anasaidia.

"Nilimuambia mama nitafika na miguu," alisema Mama Fidélie. "Nikikata njia hapa, pale kwa kichuguu nitaikala tena. Ii muguu inanijua."

Zimebaki kilomita kumi na mbili, yaani siku nne za kazi, leo ikiwamo. Ijumaa jioni punje ya elfu mbili itaanguka katika kopo. Likizo ya wiki mbili imesainiwa, na Tata Polycarpe amesema wiki hizo mbili karatasi atazifuata mezani yeye mwenyewe. Jumamosi Fidélie atapanda gari, kwa sababu kilomita mia mbili hazihitaji kutembewa mara mbili. Jumatatu alfajiri atatoka na mama yake kwenda shambani, kilomita nne, na kupita kile kichuguu. Daktari ameuangalia mguu mara mbili na kumruhusu.

Zilizomo koponi ndizo mbegu. Hicho ndicho mwandishi alikuwa hajakielewa asubuhi nzima. Punje zile ni zile zile zilizopukuchuliwa jikoni Lubudi mwezi Mei, zinarudishwa jinsi zilivyoagizwa, na zote zitaingia ardhini: kina mtoto wa Mignonne, na wale vijana wa mashimo, wote mstari mmoja.

Analitikisa kopo kidogo, punje zinagonga bati. Kwenye kiti chenye mto ameshaketi mama mwingine, mtoto amelala.

"Wakati nilikuwa mutoto, mama alikuwa anachimba shimo na jembe, mi nakuya nyuma naangusha mbegu," anasema Fidélie Kabemba. "Mwaka huu yeye ataangusha. Jembe nitashika mi."

Anavaa miwani, anauliza jina la mtoto, anaandika. Kisha anachukua karatasi na kutoka nayo uani.