Vigae Kumi na Viwili vya Mama Mkunga

Fundi Msonyo hakuzaliwa na jina hilo. Alilichuma bafu kwa bafu, kwa miaka zaidi ya thelathini ya kuingia katika nyumba za watu, kutazama kazi za mafundi wenzake na kusonya. Alikuwa na misonyo ya aina tatu. Mfupi ulikuwa wa kigae kilichokatwa vibaya pembeni. Wa kati ulikuwa wa sakafu isiyopeleka maji kwenye tundu lake. Mrefu, ule ulioanzia tumboni na kumwacha akihema, ulikuwa wa vigae vya kijivu.

"Siku hizi kila mtu anataka bafu lake lifanane na mahali pa kuegesha magari," alikuwa akisema. Hapo humwambii kitu. Angekuhesabia mafundi wote wa mji mmoja mmoja, nani hajui kuchanganya saruji, nani anapiga kigae gundi katikati tu kama anapaka siagi, nani alijifunza kazi kwa kutazama simu. Watu walimvumilia kwa sababu kazi yake ilikuwa safi. Hata nyumbani hakuwa na likizo. Mkewe akipika, yeye alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini na kuuliza kama chumvi imepanda bei.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vigae vya akiba. Mwalimu wake wa ufundi alimfundisha kwamba ukimaliza bafu lenye hodhi la kuogea, kabla hujaziba ubavu wa hodhi unaweka nyuma yake vigae kumi na viwili vya rangi ileile, vimefungwa kwenye gazeti. Ni vya fundi atakayekuja baada yako, miaka ishirini au arobaini baadaye, wakati kiwanda kimeshakufa na rangi ile haipatikani tena duniani. "Unamwachia mtu usiyemjua," alikuwa akisema, kidole juu. "Hawa wa leo wanabeba hata misumari iliyopinda. Wezi watupu." Alisimulia hivyo harusini na alisimulia hivyo msibani, na ukimkatiza alianza upya.

Basi simu ilipopigwa kutoka nyumba ya Mama Mkunga, alivimba kichwa. Bafu lile alilitandaza mwenyewe akiwa na miaka ishirini na saba, kazi yake ya kwanza bila mwalimu kusimama nyuma yake. Lilikuwa la kijani, kijani cha jani la mgomba likiwa bado halijakunjuka, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mama Mkunga alikuwa amestaafu sasa na magoti yake yamegoma kuruka ukingo wa hodhi. Alitaka hodhi litoke, bomba la mvua liwekwe, na chuma cha kushikilia ukutani. Vigae alitaka vibaki vilevile.

Mwanawe alitaka vingine. Huyu kila mtu alimwita Meneja, hata mama yake, na alikuwa meneja wa kitu fulani ambacho fundi hakujisumbua kukiuliza. Alikuwa ameshanunua maboksi kumi na sita ya kijivu na kuyapanga barazani, ili mama akichoka kubisha kazi ianze.

"Mzee, hii rangi imepitwa na wakati," Meneja alisema, akimwonyesha picha kwenye simu. "Tazama wenzetu wanavyofanya."

Fundi alitazama bafu la kijivu lenye taa iliyofichwa na taulo moja ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Alisonya ule mrefu.

"Kijana wangu, hapa wanaogea watu au wanaoshea maiti?"

"Meneja, mwache fundi," Mama Mkunga alisema kutoka kwenye kiti chake cha koridoni. "Miaka thelathini na moja nimefanya kazi ndani ya kuta nyeupe. Nilipojenga nilisema nikifika nyumbani macho yangu yapumzike. Sasa unataka kuniletea kijivu, ambayo ni nyeupe iliyochoka."

"Lakini mama, mabomba yameoza. Ukuta lazima uvunjwe. Ukivunjwa, hivyo vya kijani utavitoa wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na fundi alilingoja kama mtu anayengoja zamu yake kwenye ngoma. Alieleza polepole, kwa sauti ya kumfundisha mtoto wa chekechea. Mabomba yangefikiwa kutoka upande wa pili, chumbani kwa mama, kwa kuvunja plasta nyuma ya kabati. Kwa njia hiyo bafu lisingeguswa. Vigae tisa tu vingehitajika, kwa ajili ya matundu ya koki za zamani na vile vilivyopata ufa. Na vigae hivyo vipo. Viko kumi na viwili, nyuma ya hodhi, ndani ya gazeti.

"Una uhakika?" Meneja aliuliza.

"Niliviweka kwa mikono hii."

"Sawa. Vikiwepo, mama abaki na kijani chake na mimi nifunge mdomo. Visipokuwepo, tunabomoa chote na barazani mzigo uko tayari. Umekubali, mama?"

Mama Mkunga alimtazama fundi. "Fundi, nikubali?"

"Kubali, mama. Kama havipo, usiniite fundi tena."

Kazi ya chumbani ilikwenda vizuri na hata Meneja hakuona kasoro. Fundi alihamisha kabati, akachora mraba ukutani, akavunja plasta kwa tindo na nyundo ndogo, akayafikia mabomba kwa nyuma bila kigae hata kimoja kutikisika upande wa pili. Fundi bomba alikuja akatoa chuma kilicholiwa na kutu na kuweka mabomba mapya. Fundi Msonyo alisimama juu yake muda wote akimwambia anavyokosea. Siku ya tatu walikuja kulitoa hodhi. Mama Mkunga alisogeza kiti chake hadi mlangoni, na Meneja aliomba ruhusa kazini ili aje kushuhudia.

Ubavu wa hodhi ulianguka kwa mapigo matatu ya nyundo. Fundi alipiga magoti, akawasha tochi, akaingiza kichwa. Kulikuwa na vumbi, kipande cha ubao, na mjusi mkavu. Aliingiza mkono hadi begani akapapasa kona zote mbili. Hakukuwa na gazeti wala kigae.

"Fundi bomba," alisema bila kutoa kichwa, "wewe ulishapita huku?"

"Mimi huko nipitie wapi, mzee? Umeziba mwenyewe, umebomoa mwenyewe sasa hivi."

Na hapo, magoti juu ya kijani chake mwenyewe, fundi alikumbuka. Hakukumbuka kwa mbali. Alikumbuka uzito. Siku ya mwisho ya kazi ile alivifunga vigae kumi na viwili kwenye gazeti kama alivyofundishwa, akainama kuviweka, halafu akamfikiria mkewe. Walikuwa wameoana miezi minne tu, na ukuta wa nyuma ya sinki lao la jikoni ulikuwa tofali tupu linalomwaga mchanga kwenye vyombo. Akavitia kwenye mfuko wa saruji, akafunga kwa kamba, akaweka nyuma ya baiskeli. Alimwambia mkewe kwamba bosi mwenye nyumba amefurahishwa na kazi akampa zawadi. Wiki iliyofuata, mbele ya mafundi wenzake, alitaka naye aonekane mtu, akasema ameacha kumi na viwili nyuma ya hodhi. Uongo wa nyumbani ukakaa nyumbani, wa kazini ukakaa kazini, ukaota mizizi kote kuwili. Vigae alikuwa akivitazama kila asubuhi akinywa chai, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza vigae kumi na viwili vilevile vinawezaje kuwa jikoni na nyuma ya hodhi kwa wakati mmoja.

"Havipo," Meneja alisema. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama Mkunga alikuwa akiutazama ukuta wake, kigae kwa kigae, kama mtu anayeaga.

"Vipo," fundi alisema. "Nilivihamisha. Nimekumbuka, niliviweka nyumbani visije vikapata unyevu. Kesho asubuhi vitakuwa hapa."

"Vigae vya bafuni visipate unyevu," Meneja alirudia taratibu, akatoka nje, akafunga mlango wa gari lake akaenda zake kazini.

Fundi alifika nyumbani mchana, saa ambayo hakuwahi kufika. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Mbele yake, safu mbili za vigae sita sita, kijani kile kile, vinang'aa kuliko vilivyowahi kung'aa kwa Mama Mkunga. Alikuwa akivisugua kila Jumamosi kwa magadi na kitambaa laini, na kila mgeni aliyeingia jikoni alielezwa: mume wangu huyu, bosi mwenyewe alimtunuku.

"Naomba usogee kidogo," fundi alisema. Tindo ilikuwa mkononi.

Mkewe aliitazama tindo, akautazama ukuta, akamtazama yeye. "Unataka kufanya nini na zawadi yangu?"

Alimwambia. Alimwambia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akimtaja mwalimu wake na mjusi mkavu. Maisha yake yote alikuwa hodari wa kueleza makosa, lakini yalikuwa ya wengine. Alipomaliza, mkewe alikausha mikono yake kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Zawadi haiji imefungwa kwenye mfuko wa saruji kwa fundo la kamba, na mtoaji hajulikani hata alisema nini. Nilikuuliza siku ile: bosi alisemaje? Ukakasirika. Nikajua. Nikasema, amenitazama mimi na tofali langu akaiba. Kwa kweli nilikupenda kwa hilo. Ungeniambia, ningevisugua vilevile."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja siku ujidharau mwenyewe kidogo, sisi wengine tupumzike."

Fundi alisogea ukutani. Aliinama juu ya sinki, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akaanza kuchokonoa saruji ya kando kwa ncha ya tindo, punje kwa punje. Mkewe alisimama naye, akikipokea kila kigae kwenye taulo lililoloa kama mtu anayepokea mtoto kutoka kwenye maji. Viwili vilivunjika. Kumi vilitoka vizima. Nyuma ya vigae lilikuwepo lile tofali tupu, na mchanga ukaanza kumwagika kwenye vyombo safi.

Kesho yake Meneja alikuwepo tena. Siku hiyo hakuwa na kazi, au alikuwa na kazi hiyo hiyo. Fundi alifungua taulo sakafuni. Mama Mkunga alichukua kigae kimoja, akakipitishia kidole gumba.

"Hiki kimeguswa," alisema. "Cha kwenye gazeti hakiwi laini hivi. Hiki kina mtu amekitunza."

Mlango wa kutokea katika aibu hiyo ulikuwa wazi kwa fundi. Angeweza kusema alivihifadhi kwenye mafuta, kwenye pamba, kokote, na kijani kingebaki ukutani na jina lake likabaki mjini. Alisikia uongo ule ukimjia wenyewe, umenyooka, umekatwa vizuri pembeni. Akaumeza.

"Niliviiba, mama," alisema. "Nilikupa neno kwamba nimeviacha, nami nilikuwa nimevibeba kwa baiskeli. Vimekaa nyuma ya sinki la mke wangu miaka thelathini na minne. Yeye ndiye aliyevitunza."

Sasa Meneja alicheka, na alicheka vizuri, akijishika kiuno. "Kumbe! Na wewe ndiye unayewaita mafundi wote wezi?"

"Ndiyo," fundi alisema. "Mimi ndiye."

"Meneja," mama yake alisema, "yarudishe maboksi yako dukani. Yabaki mawili." Halafu akamgeukia fundi. Uso wake ulikuwa umekunjamana, uso wa mtu aliyezoea kuwaamuru watu wenye maumivu. "Hayo mawili utayapeleka kwako leo leo, uzibe ukuta wa mkeo. Vya kijivu, ndiyo. Utavitazama kila asubuhi na chai. Na ukimaliza hapa kwangu, mwenye vigae atakuja aoge kabla yangu."

Fundi alimaliza baada ya siku nne. Hakusonya hata mara moja, na fundi bomba alidhani anaumwa. Ijumaa mke wa Fundi Msonyo alikuja amevaa kama anakwenda kwenye sherehe, sabuni yake mkononi, kwa sababu hakutaka kutumia sabuni ya watu. Mama Mkunga alimpa taulo na kumfungia mlango mwenyewe. Wakasikia maji. Walisikia maji kwa muda mrefu sana, na baadaye wakasikia akiimba, jambo ambalo mumewe alikuwa hajalisikia kwa miaka.

Alitoka akiwa amejifunga kanga, mvuke ukimfuata. Mama Mkunga alimuuliza ameonaje.

"Maji mazuri," mke wa fundi alisema. "Rangi ni nzuri kuliko ilivyokuwa kwangu. Ila katika vile vya juu ya koki, cha tatu kutoka kushoto kimekaa upande."

Fundi alichukua pimamaji yake, akaingia bafuni peke yake na kuiegemeza pale. Alikaa akitazama kipovu cha maji mpaka kikatulia nje ya mistari, halafu akavua viatu ili akitoe kigae kile na kuanza upya.