Kaburi Lililopisha Reli

Wapimaji wa ardhi walipofika Kibabii, waliniajiri niwashikie mnyororo wa kupimia na kuwatafsiria kwa wenyeji. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti na bila kazi, basi nikalivaa koti lao la rangi ya machungwa hata kwenye jua kali. Walisema reli mpya ingetoka Bungoma mpaka Kitale. Niliamini kila neno, mjinga mimi. Reli ya zamani ya Kitale ilikuwa imekufa, stesheni imeota nyasi, na tulikuwa tumechoka kuambiwa maendeleo yako njiani. Safari hii niliyaona kwa macho: vigingi vyenye rangi nyekundu, vinakata shamba baada ya shamba.

Kigingi chetu kilichomekwa hatua mbili kutoka kaburi la baba.

Mkubwa wa wapimaji alikuwa na fomu. Ilikuwa na safu ya nyumba, ya miti na ya visima. Ya makaburi haikuwepo, kwa hiyo akamwandika baba chini ya "mengineyo". Mama akaniuliza ameandika nini. Nikamwambia ameandika "kaburi la mzee". Nilimdanganya kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya koti nililovaa.

"Mzee wangu amelara hapa," mama akamwambia yule mkubwa. "Mtampereka wapi?"

"Mama, si tunakuambia mapema ndio mjipange, bana. Trekta ikikuja haiulizi."

Hiyo trekta ndiyo niliyoitumia kumshawishi. Wiki nzima nilimwandama jikoni, nikimwambia heri tumtoe baba kwa mikono yetu kuliko atolewe na chuma. Shamba letu ni jembamba. Ukiondoa upana wa reli, kinachobaki ni nyumba ya mama na choo. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na ekari zake Kwanza, huko Trans-Nzoia, akasema baba apelekwe kwake. Mwishowe mama akakubali. "Ni wewe umesema," akaniambia, akarudi kuchambua mboga.

Tulimfukua asubuhi, kwa ruhusa ya bwana afya na sala ya mchungaji. Sanduku lilikuwa limeoza. Tulichopata kilienea kwenye sanduku dogo la mtoto, na mama akataka alipakate mwenyewe ndani ya gari mpaka Kwanza. Hakulia. Barabara ilikuwa mbovu, na kila tulipofika kwenye shimo aliliinua kidogo lisigonge. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimevaa suti, nikijiona mwana wa maana.

Reli haikuja. Mkataba wangu uliisha, wapimaji wakaondoka na koti lao, vigingi vikang'olewa vikapikiwa ugali. Mama alikataa tupande mahindi pale alipokuwa baba. Nilitaka kurudisha mifupa nyumbani, lakini wazee wa ukoo walinikemea: maiti haisumbuliwi mara mbili.

Miaka kadhaa baadaye akaja mpimaji mwingine, kijana mpole, kwa ajili ya barabara. Mama akampa chai. Nilimwonyesha mahali reli ilipotakiwa kupita. Akafungua ramani yake ya zamani, akaipekua, akatikisa kichwa.

"Hapa? Laini ya reli ilisongeshwa ng'ambo ya mto vigingi vikiwa bado vipya. Kwani hamkuambiwa?"

Mama akanigeukia. "Wewe urikuwa unafanya kazi na hao watu. Urijua?"

Nilimwambia sikujua. Nikaapa kwa Mungu, na ni kweli, sikujua. Mama akachukua kikombe cha mgeni kabla hajamaliza chai, akaingia nacho ndani.

Hajaniuliza tena. Ila siku akitaka kwenda Kwanza kumwona baba, humpigia simu ndugu yangu aje amchukue, na mimi huniambia nibaki nichunge nyumba.