Kinanda cha Sebuleni

Kinanda kilipofika nyumbani kwetu Nduguti, kabla hakijatoa hata sauti moja, kilivishwa kitambaa. Mama mkwe wangu, anayeishi nasi tangu baba mkwe alipofariki, alifungua sanduku lake akatoa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua ya njano pembeni, akakitandaza juu ya kinanda kama anavyotandaza juu ya makochi, redio na kila kitu anachokipenda. Alisema ni kwa ajili ya vumbi. Upepo wetu unajulikana, kwa hiyo sikubisha. Kisha akaagiza kiwekwe sebuleni, kwenye ukuta unaotazamana na mlango, mahali ambapo mgeni akiingia macho yake hayana pengine pa kwenda.

Kinanda chenyewe hakikuwa chetu. Kanisa lilipopata kipya, mwalimu wa kwaya alimkumbuka binti yangu wa darasa la pili, ambaye kila Jumapili alibaki nyuma ya wenzake akibonyeza vitufe mpaka aje kuondolewa. Akatuazima kile cha zamani, akamwonyesha mtoto wimbo mfupi wa mkono wa kulia, akamwambia mkono wa kushoto utafuata, na mwisho mikono yote miwili. Mimi na mume wangu akatuachia sharti moja. Alizeti ikishavunwa atakuja kumsikiliza. Akikuta mtoto anafanya mazoezi kila siku, kinanda kitabaki. Akikuta kimekuwa pambo, kitakwenda kwa mtoto mwingine anayekisubiri.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi ni fundi cherehani, na nimefundisha wasichana wengi kushona. Najua mtu anayejifunza anavyofanana. Binti yangu alikuwa anafanana naye kabisa: asubuhi kabla ya uji alikuwa keshafunua kitambaa, jioni akirudi shule anatupa begi na kwenda kubonyeza. Alikosea, akarudia, akakosea palepale, akakunja uso, akarudia. Mimi nikiwa barazani kwenye cherehani yangu nilikuwa nasikia kila kitu. Kazi ilikuwa inakwenda.

Kilichotuharibia ni wageni.

Nduguti ni makao makuu ya wilaya, na tangu ofisi mpya za serikali zijengwe, watu wa vijijini huja na shida zao, huyu cheti cha kuzaliwa, yule mgogoro wa shamba. Afisa akiwa hayupo, na mara nyingi hayupo, mtu hatakaa kwenye benchi la halmashauri wakati ana ndugu hapa mjini. Atakuja kwetu. Mama mkwe anafahamiana na nusu ya wilaya, na nusu iliyobaki ni ndugu zake. Kwa hiyo sebule yetu haikauki watu, na kila mtu akishakaa, akishapewa maji, macho yanakwenda kwenye kitambaa chenye maua ya njano. Hapo bibi anaita.

Anamwita mjukuu wake mke mwenzangu, utani wao wa tangu mtoto akiwa mgongoni. "Mke mwenzangu, njoo usalimie wageni. Halafu uwapigie."

Mtoto anakuja, anatoa shikamoo kwa mmoja mmoja, anakaa kwenye kinanda na kupiga ule wimbo mfupi. Wageni wanapiga makofi. Bibi anachangamka kama aliyeshinda bahati nasibu. Mwanzoni hata mimi nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Lakini masikio yangu yamezoea kusikiliza mashine, na mashine ikibadilika mlio najua. Nikaanza kugundua kwamba mtoto anapiga wimbo uleule tu. Sehemu ya mkono wa kushoto, ambayo mwalimu alishamwonyesha kanisani, haisikiki. Ukiwa na watu mbele yako huwezi kupiga usichokijua, na yeye sasa alikuwa na watu mbele yake kila siku.

Kisha akaja shemeji mmoja kutoka Shelui, mwenye duka pale yanapolala malori, mtu wa maneno mengi asiye na ubaya. Akamwomba mtoto apige wimbo unaovuma redioni. Mtoto akasema haujui. Shemeji akacheka, akasema kumbe bado, yeye alidhani tuna mwanamuziki. Akajaribu kumsaidia kwa kuimba, mtoto akajaribu kumfuata, akapotea njiani, sebule nzima ikacheka. Kilikuwa kicheko cha upendo, lakini mtoto wa miaka ile hawezi kupambanua. Niliiona mikono yake ikishuka kutoka kwenye vitufe na kujificha chini ya sketi ya shule.

Baada ya hapo, mlango ukibishwa hodi, tumbo linamuuma. Au kuku hawajafungiwa. Au ameitwa na mwalimu wa somo ambalo halipo. Kitambaa kikakaa juu ya kinanda asubuhi na jioni, kimenyooka vizuri, maua yote yanaonekana. Mume wangu akajaribu njia za kiume: akapanga saa, akaahidi soda, akapandisha sauti. Mtoto akakaa, akapiga wimbo wa wageni kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea, akanyanyuka. Nilimwambia mume wangu hayo si mazoezi. Akauliza basi ni nini. Nikamwambia amwombe mama yake aache kumwita mtoto mbele za watu. Akakuna kichwa, akasema mimi ndiye mwenye maneno mazuri. Mtu anayeweza kubishana na afisa ardhi mchana kutwa, mbele ya mama yake anageuka mtoto wa chekechea.

Lakini nilimwelewa. Mimi nami ningesemaje? Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe anyamaze kwenye nyumba ya mwanawe, tena kwa jambo analolifanya kwa fahari. Ningeonekana namwonea wivu, au namkatalia wageni wake. Na mama huyu amenipokea vizuri, ameniuguza, ameniogeshea mtoto. Ningekuwa radhi kukipoteza kinanda kuliko kumpoteza yeye.

Wakati huohuo alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa. Kila nilipoziona shambani zinavyokauka, nilihesabu siku zilizobaki.

Nilichokijua ni kitu kimoja, na nilikijua kwa uhakika. Msichana akija kujifunza cherehani kwangu, simpi kitambaa. Nampa karatasi ya mfuko wa saruji, nautoa uzi kwenye sindano, namwambia apige mistari. Anatoboa karatasi wiki nzima, mistari inakwenda kombo kama njia ya mbuzi, na mteja akiingia naificha ile karatasi. Siifichi kwa aibu. Naificha kwa sababu si ya mteja. Binti yangu alikuwa amenyang'anywa karatasi yake ya saruji, na aliyemnyang'anya hakujua, kwa sababu yeye mwenyewe mambo yote anayoyajua, kulima, kutwanga, kufuma, aliyajifunza zamani mno hata amesahau kwamba aliwahi kutoyajua.

Jibu nililipata mchana mmoja nikitafuta mkasi. Mama mkwe alikuwa peke yake sebuleni, anapangusa vumbi kwenye kinanda kwa ncha ya kanga. Kidole kikateleza, na kinanda, kilichokuwa kimeachwa kimewashwa, kikalia. Akatazama mlangoni. Akabonyeza tena, safari hii kwa kukusudia, na kitufe cha pembeni yake. Alikuwa anatafuta wimbo wa kanisani anaoupenda, nikautambua kwa shida. Nikarudi nyuma taratibu bila mkasi.

Jioni nikampelekea chai, nikapiga magoti kumkabidhi kikombe, nikamwambia nina ombi. Nikasema mwalimu wa kwaya anakaribia kuja, na mtoto amekwama. Nikasema anahitaji mtu wa kumfundisha.

"Mimi nitamfundisha nini? Sijui hata kinapowashiwa."

"Hapana, mama. Yeye ndiye akufundishe wewe."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akaniuliza kama namwona yeye ni mtoto wa chekechea. Lakini hakukataa, na mimi niliyemwona akitazama mlangoni nilijua hatakataa.

Kwa mtoto ilikuwa rahisi zaidi. Nilimwambia bibi anataka kujifunza na hakuna mwingine wa kumfundisha. Akafikiri kidogo, akauliza kama ataruhusiwa kumwambia arudie. Nikamwambia mwalimu anaruhusiwa.

Basi nyumba yetu ikapata kichekesho. Vidole vya bibi vimezoea mpini wa jembe, vikishuka vinashuka viwili viwili. Mtoto alisimama pembeni, mikono nyuma, kama walimu wao wanavyosimama. "Rudia, bibi." Bibi anarudia. "Rudia." Bibi analalamika kwa Kinyiramba kwamba mke mwenza huyu ana roho ngumu, halafu anarudia. Wakafika kwenye mkono wa kushoto, na hapo mwalimu mwenyewe akakwama, kwa sababu alikuwa hajaufanyia kazi. Bibi akamwuliza kwa utulivu ni mwalimu gani anayefundisha asichokijua. Kesho yake, kabla ya uji, nikasikia kitambaa kinafunuliwa. Mkono wa kushoto, polepole, unakosea, unarudia. Nilikanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu asije akadhani namsikiliza.

Lakini tumbo lilikuwa bado linamuuma mlango ukibishwa. Hilo sikuweza kulishona mimi.

Siku hiyo somo lilikuwa katikati. Bibi amekaa kwenye kinanda, mtoto pembeni, mimi nakata suruali mezani. Hodi ikapigwa na kabla hatujaitikia akaingia mdogo wake bibi kutoka Mtinko, na majirani wake wawili waliokuja kufuatilia hati za mashamba yao ya huku kwetu. Wakamkuta dada mtu, na heshima yake yote, mikono juu ya vitufe. Wakafurahi sana. Wakakaa hata kabla ya kukaribishwa, na yule mdogo mtu akasema, "Dada, kumbe na wewe! Hebu tupigie basi."

Nikauona uso wa mama mkwe ukibadilika. Mikono yake ikashuka taratibu kutoka kwenye vitufe, ikaingia chini ya kanga. Ilijificha vilevile kama ile mingine ilivyojificha chini ya sketi ya shule. Wakamshawishi, kidogo tu, hata kwa kukosea, si ni sisi tu. Akatikisa kichwa. Wakacheka, kicheko kilekile cha upendo. Akaiangalia mikono yake pale ilipojificha, kisha akainua macho akamtazama mjukuu wake.

Mdogo mtu akasema basi mtoto ndiye awapigie.

"Huyu naye anajifunza," mama mkwe akasema. "Hatujafika pa kupigia wageni. Karibuni chai."

Akanyanyuka, akauchukua mkono wa mtoto, wakatoka pamoja kwenda jikoni. Mimi nikabaki na wageni na mkasi wangu.

Tangu hapo akabadilisha utaratibu wa nyumba bila kumwuliza mtu. Jioni mtoto akikaa kwenye kinanda, bibi anatoa kigoda na ungo wake wa uwele, anaufunga mlango nyuma yake na kukaa nje akipepeta. Mgeni akija anasalimiwa, anapewa kigoda cha pili, anaambiwa ndani kuna kazi. Mkubwa, mdogo, mwenye cheti, mwenye hati, wote nje. Shemeji wa Shelui alisubiri hapo mpaka akasaidia kupepeta.

Alizeti tukavuna. Jioni moja magunia yakiwa bado uani, mwalimu wa kwaya akaja. Mimi nilikuwa barazani nikamwona anashuka kwenye baiskeli, nikataka kukimbia kumwandaa mtoto, nimwambie aanze na ule wimbo asioukosea. Sikuwahi. Alishafika kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo."

Akasema amekuja kumsikiliza mtoto, kama alivyoahidi.

"Msikilizie hapo hapo," mama mkwe akasema, na ungo haukusimama.

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mwenye kinanda chake kakalishwa kwenye kigoda nje ya mlango uliofungwa. Na ndani mambo hayakuwa mazuri: mtoto alikuwa anajaribu mikono yote miwili na kila akifika katikati kidole kimoja kinampotea. Akarudia. Kikapotea. Akapunguza mwendo, akapiga mkono wa kushoto peke yake, akauweka wa kulia juu yake, kikapotea. Mwalimu aliinamisha kichwa, mikono magotini. Mimi nilikuwa nimeacha cherehani kabisa. Akarudia tena, na safari hii akapita, akaendelea hadi mwisho, na badala ya kushangilia akaanza upya kuhakikisha.

Mwalimu akanyanyuka, akachukua baiskeli yake.

"Huingii?" nikamwuliza.

"Nimeshasikia nilichokifuata," akasema. "Kinanda kibaki." Akamuaga mama mkwe kwa heshima zote, akaondoka.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Binti yangu akachungulia, hakuuliza nani alikuwa hapo, akamtazama bibi yake na ule ungo.

"Bibi, zamu yako."